Bahari ya Bati

Ofisini kwetu, karibu na Kivukoni, tulikuwa na bahari ndani ya sanduku la bati. Bwana mkubwa wetu, mhandisi Mwingereza, alitaka kujua maji yangefika wapi mjini siku tufani ikitupiga, akanifundisha kuiunda. Bonde la Msimbazi nililifinyanga kwa udongo. Nyumba za Jangwani na ukingo wa Kariakoo zilikuwa maganda ya viberiti. Kibao kilisukuma bahari, na birika la chai la ofisi ndilo lililokuwa mvua ya vilima vya Pugu, mto unakoanzia. Miaka ile ya hamsini hatukuwa na mashine ya kufikiri badala yetu. Tulikuwa na penseli, karatasi ya miraba, na mimi, kijana niliyetoka shule na saa ya mkononi na majivuno tele.

Niliweza kushinda kutwa nikiyatazama maji yakipanda polepole kati ya viberiti. Kimoja nilikitia alama ya penseli. Hicho kilikuwa nyumba ya mama, kule Kariakoo inakoteremkia bondeni. Mara nyingine nilimwona mle ndani, mdogo kama punje ya mchele, anakuna nazi, nami nabana pumzi nisimtikise.

Masika moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na bamvua lilikuwa linakaribia, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Majirani wakaanza kubeba virago kwenda kwa jamaa zao, kule juu karibu na soko. Mama alikuwa na cherehani yake na kitanda alichofia baba.

"Mwanangu, tuhame?" akaniuliza.

Nikaenda ofisini, nikafungua daftari la mzee aliyekuwa akisoma nguzo ya kupimia maji bandarini. Kwa siku za mwezi mpevu alikuwa ameandika: maji kujaa, 10. Nikaihamishia kumi hiyo kwenye mchoro wangu, ambao ulifuata saa za Kizungu kama kila kitu cha ofisi. Kumi ya Kizungu ni saa nne yetu ya asubuhi. Basi nikasukuma kibao, nikamimina birika. Bahari ikajaa asubuhi, ikarudi zake. Mafuriko ya Pugu yakafika alasiri, yakakuta njia nyeupe, yakatoka. Kiberiti cha mama hakikulowa.

Nilirudi nyumbani sijui kama nakanyaga chini.

"Usihame, mama. Nimepima."

"Mwezi mpevu maji hujaa alasiri," alisema taratibu.

"Hayo ya kukisia, mama. Mimi nimepima."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya pili yake, alasiri, maji yaliingia bila hodi. Yalikuja kimya, na Mungu anisamehe, yalikuwa mazuri. Jua lilikuwa limechungulia, na mwanga ukatetemeka darini. Ndara ya mama ilipita mbele yangu, ikafuatwa na mbuzi ya kukunia nazi, vyote bila haraka. Mama alikuwa juu ya kitanda, ameikumbatia cherehani. Nikaitazama saa yangu: mshale mfupi ulikuwa kwenye nne. Saa kumi kamili. Hapo ndipo nilipoielewa ile kumi ya daftari. Yule mzee alikuwa amehesabu saa kama tunavyohesabu sote, na mimi, mtoto wa humu humu, nikamsoma Kizungu.

Nikambeba mama mgongoni, na cherehani yake kifuani kwake. Tulipofika barabarani ukuta wa nyuma ulilainika, ukakaa chini, nyumba ikaufuata. Kitanda cha baba kilibaki mle ndani.

Tukapokewa na shangazi, mtaa wa tatu kutoka sokoni. Nilimweleza mama yote, nikilia bila aibu.

"Ulijua," nikamwambia. "Mbona hukuhama?"

"Ulisema umepima," akajibu, akikamua kanga yake.

Jioni majirani walikuja kumpa pole. Mmoja akamuuliza ilikuwaje mwanamke wa pwani kama yeye asubiri bamvua ndani ya nyumba. Mama akasema siku zimemchanganya, amekosea kuhesabu mwezi. Wakamcheka, wakamtania kuwa sasa amezeeka, naye akacheka pamoja nao. Mama hakuwahi kukosea mwezi hata mara moja. Nami nilikuwa pale pale, nimeegemea mlango, nikanyamaza.