Gari la Baba na Musi ya Tata Kabeya

Enzi zetu pale Kolwezi, na nyinyi mliokula bukari, ule ugali wa unga wa kantini ya kampuni, mtanishuhudia, gari halikufa kwa kukosa kipande. Kampuni ya migodi ilikuwa imeanza kuanguka, vipuri haviji tena, na bati la mbele la gari la baba, lile tuliloliita ele, la kufunika gurudumu, lilikuwa limeliwa na kutu hadi kuku wanapita. Baba hakuhangaika. Alivuka barabara, akamwita jirani yetu Tata Kabeya.

Jamani, mtu yule alikuwa na mikono! Kwanza alikunja waya, sawasawa na zile tulizotengenezea motokari zetu za kuchezea, tukacheka: mzee mzima naye anacheza! Akazungushia makartoni. Kisha akachanganya dawa mbili za maji zilizokuwa zikizibia kuta za vyumba vya barafu vya kantini, akamimina. Hiyo ndiyo musi, povu la kuganda. Ikaanza kuvimba, shii, shii, inapanda kama mikate kwenye mafuta, harufu inawasha pua. Ngalula, binti yake na rafiki yangu wa chanda na pete, alisogea mno. Musi ikafurika nje ya kartoni, ikameza kandambili yake. Alivuta weee, mguu ukatoka, kandambili ikabaki.

“Acha,” Tata Kabeya alisema, anacheka. “Musi ikisha kula kitu, hairudishake.”

Ilipokauka aliichonga kwa kisu cha jikoni cha mkewe, mama wa watu akilalamika. Halafu akafumba macho, akawa anapapasa ele nzima ya upande wa pili, kisha hii yake, mpaka mikono isione tofauti. Akaivika shuka lililolowa gundi ya kukauka ngumu. Kandambili ikazikwa humo humo.

Ikabaki rangi tu, ndipo watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, walipoanza kufukuzwa mjini kwetu. Ngalula alizaliwa Kolwezi, baba yake vilevile. Kasai hakuijua hata kwa picha, akaambiwa arudi “kwao”. Iliniuma, inaniuma hadi leo. Nyumba yao ilipigwa mawe, mizigo ikafungwa, na Tata Kabeya yuko uani kwetu, ameshika brashi.

“Tata Kabeya, wacha,” baba alimsihi. “Twende ku gare, treni itawaacha.”

“Tata, mi siachake kazi katikati. Basiseme Kabeya alienda, akaacha motokari ya mwenzake uchi.”

Rangi ikiwa bado mbichi, baba akawapakia wote, mimi na Ngalula tumejibana miguuni pa bibi yake. Karibu na stesheni vijana walituzibia njia, wakarusha mawe. Moja likatua kwenye ele, pu! Bati lingebonyea likabana gurudumu, tukakwama mikononi mwao. Musi ilipasuka kidogo tu. Baba akakanyaga mafuta, tukapita, bibi akiomba kwa sauti. Ngalula alipanda treni na kandambili moja mkononi. Mama yake alimwambia aitupe, akakataa.

Siku hizi mpwa wangu anaagiza bampa kwa simu, inafika imefungwa nailoni kama bibi harusi. Shimo la kwanza la barabara ya Mutshatsha, kwisha habari yake! Ana bampa mpya kila mwaka, ila jina la jirani yake halijui. Na ananishauri niuze gari la marehemu baba, lililokaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, liwe chuma chakavu. Mtoto huyu! Mabati yote yameoza. Ele ya Tata Kabeya iko.

Juzi Ngalula alipata namba yangu, akanipigia kutoka Kasai. Baba yake naye hayupo tena. Tulilia, tukacheka, kisha akauliza, “Ile kiatu yangu ingali mu ele?”

Nikatoka na simu, nikagonga ele kwa ngumi ili asikie. “Iko. Si unajua musi hairudishake?”

“Na mwenzake iko huku,” akasema. “Musiuzishe ile motokari.”