Magineto ya Mwinjilisti

Mimi ni fundi pikipiki hapa Moshono, na sipendi kufundishwa kazi. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma.

Mzee aliyeniletea ile magineto alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, kutoka huko juu mlimani kwenye kahawa na migomba. Pikipiki yake ya Kiingereza ilikuwa imelala stoo tangu magoti yalipomkataa. Alitaka iwake tena ili amkabidhi mwanawe wa pekee, mkulima wa nyanya Nduruma. "Mtu harithishi mzoga," aliniambia. Mwanawe ndiye aliyeifungua magineto, akaipakata njia nzima waliposhuka wote wawili mjini.

Magineto ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha injini kwenye zile pikipiki za kale zisizotegemea betri. Hii beringi zake zilikuwa zimekwisha, ukiizungusha inakoroma. Kazi yangu ilikuwa kutoa beringi za zamani tu, niweke mpya.

Tu! Beringi moja imekaa nyuma ya pete nyeusi inayopitisha umeme, na kati yake na pete hapapiti hata ukucha. Pete yenyewe ina utepe wa shaba, lakini mwili wake ni plastiki ya enzi hizo, ukiibana vibaya inakatika kama biskuti. Mzee alilijua hilo. "Mwanangu, usiipeleke kwenye moto," alisema. "Waya za ndani zimepakwa vanishi, itayeyuka. Fundi wetu wa zamani alikuwa anaikata beringi kwa tupa, taratibu, siku mbili."

Siku mbili! Nikamjibu "Sawa mzee" kwa ile sauti ya kumfukuza mtu kwa adabu. Moyoni nasema, huyu ananifundisha mimi? Beringi za bodaboda natoa hata kumi kwa siku: unapasha moto, unachomeka bisibisi mbili, unabinua.

Nikafanya hivyo hivyo. Nikapasha kwa gesi, nikabinua, haikusogea. Hasira zikanipanda. Nikaongeza moto, nikaegemea zile bisibisi kwa uzito wangu wote, nikasikia ka! Beringi ilitoka nzima kabisa, na pete ikabaki vipande vitatu. Harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa banda zima. Aisee, nilikaa juu ya ndoo. Nikapiga simu kwa kila fundi ninayemjua kuulizia pete ya namna ile, na wawili walinicheka waziwazi.

Kesho yake waliporudi baba na mwana, nilikuwa nimeshafuta masizi na kupanga maneno. "Shikamoo mzee," nilisema. "Kitu chenyewe kilikuja na ufa. Nilipokigusa tu, kikaachia."

Sikumtaja mtu. Hapakuwa na haja. Mzee aligeuka polepole akamtazama mwanawe.

"Uliiangusha wapi?"

"Sikuiangusha, baba."

"Kwa hiyo fundi ni mwongo?"

Mwanawe alinitazama. Mimi nikajifanya natafuta spana. Mzee alimsema kwa Kimeru, maneno mengi nisiyoyaelewa, halafu akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Kipande kidogo hivi kimekushinda kukibeba, nikupe pikipiki? Sikupi. Na kwangu usikanyage." Alipokuwa anaondoka alinishika mkono, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Mimi ndiye niliyeombwa radhi!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miezi minne. Kila wiki nilijiambia Jumapili nitapanda mlimani nikaseme ukweli, na kila Jumapili nikapata mteja. Nao hao wateja nilikuwa nawatafuta mwenyewe. Niliona aibu hata kupita barabara inayoelekea kwao.

Siku moja mzee akatokea bandani, uso umechangamka. "Mwanangu amekuja nyumbani na sale," alisema. Sale ni lile jani refu la kijani wanalopanda mipakani mwa mashamba. Aliyekosa akikuletea mkononi humkatalii, na mbele yake uongo hausemwi. "Amekiri kwamba aliiangusha, akaogopa kusema. Nimemsamehe, na pikipiki nimempa hivyo hivyo, haiwaki. Vijana wangapi siku hizi wanakubali makosa yao?"

"Wachache, mzee," nilisema.

Kesho yake nilifunga banda nikaenda Nduruma. Nilimkuta yule bwana shambani, anafunga miche ya nyanya kwenye vijiti. Nilimwambia yote, moto, bisibisi, uongo. Nilitegemea anipige, na kwa kweli ningeshukuru. Alimaliza kwanza kufunga mche aliokuwa ameushika.

"Najua," alisema. "Siku ile bandani kwako palinuka kuungua."

"Sasa kwa nini ulikubali kosa si lako?"

"Mama alikuwa analia kila siku. Na baba ana miaka themanini na moja. Nilitakiwa kukusubiri wewe upate ujasiri?"

Nikamwambia twende wote sasa hivi, nikaseme mbele ya baba yake. Hapo ndipo alipokasirika, akatupa kamba chini.

"Ukaseme nini? Kwamba nilimshikia sale huku namdanganya? Hilo hatanisamehe mpaka anaingia kaburini. Umeshaniharibia kwa baba mara moja, fundi. Inatosha."

Nilirudi zangu. Mpaka leo sijasema, na safari hii kunyamaza si woga, ingawa sijui kunaitwaje. Mzee bado hunipitia kila akishuka mjini. Juzi alikuja na mchungaji wake ambaye pikipiki yake inasumbua. Aliniwekea mkono begani, akamwambia, "Mwachie huyu. Huyu ndiye aliyenieleza ukweli kuhusu mwanangu."

Nikamkaribisha mchungaji akae.