Mbeba Piano Ulingoni

Mbeba piano wetu alivaa glavu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na mitatu, umri ambao mabondia wengine hapa mjini Niš, Serbia, huzitundika ukutani. Huinama mlangoni ingawa mlango ni mrefu kuliko yeye, maana mgongo wake umezoea mzigo. Ninapomfunga bendeji za mikono kabla ya mazoezi, vidole vyake vinene hutulia kama vya mtoto anayekatwa kucha. Ngumi yake ikimwingia mtu sawasawa, husema, “Samahani, ndugu,” na ukumbi mzima hucheka. Jumamosi kocha Radivoje alimpambanisha na Vukašin, bondia wetu mzoefu, apate kuamua: ampeleke kwenye ngumi za kulipwa, au amrudishe kwenye piano zake. Raundi ya pili mkono wa kulia ukamkuta Vukašin kidevuni, magoti yakalegea. Badala ya kwenda kwenye kona, kama sheria inavyotaka, jitu letu likamdaka kwapani, likapiga goti, likamlaza taratibu, kichwa mwisho.

“Una wazimu wewe?” Radivoje akafoka. “Unampiga mtu halafu unambeba?”

“Kitu kizito hakiachiwi kianguke, kocha. Amefumbua macho?”

“Nimefumbua,” Vukašin akajibu kutoka chini. “Mpe mkataba huyu. Mimi sirudiani naye.”

Radivoje akakuna upara. “Uzito wa juu huchelewa kuiva. Miaka mitano unayo. Lakini kwenye kona utakwenda!”

Mbeba piano hakusikia. Alikuwa akimtazama Vukašin anavyoketi, akashusha pumzi ndefu, ileile aliyoishusha nyumbani kwetu siku alipoitua piano ya mama, ikagusa sakafu bila kutoa sauti hata moja.