Karte na Karata

Kuna watu wakijua jambo moja hawatulii mpaka walitapike kwa jirani. Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango, katika fleti tuliyogawana pale Berea: fundi cherehani kutoka Bukavu, shemasi wa kanisa lake, akiishi na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Jiko lilikuwa la wote, kwa hiyo masikio yangu nayo yalikuwa ya wote.

Binti alizaliwa hapahapa Johannesburg. Baba akimsemesha Kiswahili, alijibiwa Kiingereza, na siku ya hasira Kizulu. Kiingereza cha baba kilitosha kumuuliza mteja upana wa kiuno, basi. Siku moja akarudi kutoka madukani Fordsburg na mashine ya gemu iliyotumika, ya kampuni moja ya Kijapani, na kuanzia hapo wakawa wanakaa kochi moja kila jioni. Baba alishindwa kila mchezo. Ili apate la kusema akishindwa, akaanza kutazama kwenye simu video za historia ya kampuni hiyo. Mtu mzima, masharubu yana mvi, anakariri habari za kiwanda cha michezo kama mtoto wa kipaimara!

Nilimcheka waziwazi. Alinisimamisha na sufuria mkononi kunieleza kwamba kampuni hiyo iliwahi kuuza mchele wa kumwagia maji moto ukala. Nikamwambia mchele wa hivyo wakale wenyewe. Akaniambia iliwahi kuwa na teksi. Nikamuuliza kama na wao walipita robot, taa za barabarani za huku, ikiwa nyekundu. Akasema wapo wanaodai jina lake maana yake ni kuiachia mbingu bahati yako, na Jumapili iliyofuata akalitolea ushuhuda kanisani, eti hata Wajapani wanamkabidhi Mungu biashara. Binti aliyasikia yote hayo akiwa ameinamia kidude chake cha kuchezea.

Jumapili nyingine, wametoka ibadani, nakata vitunguu, akanijia na jipya.

“Ile kampuni ilianza na kufanya makarte, Mama Tanzania,” alisema. “Ndiyo sababu kule kwao watu hawateseke na mapapye.”

Ilinibidi niweke kisu chini. Kwa mtu aliyepanga foleni ya vibali, hayo mapapye yake, tangu alipoingia nchi hii, karte yoyote duniani ni ile yenye picha na muhuri. Na mimi, badala ya kumwachia raha yake, nikamsahihisha.

“Karata, shemasi. Karata za kuchezea. Zilichorwa maua, na wacheza kamari ndio waliozigombania.”

Uso wake ulibadilika. Kanisani kwao karata ni za shetani. Mwanakwaya mmoja alisimamishwa kwa kukutwa nazo mfukoni tu. Alikwenda akachomoa waya ukutani, akauviringisha taratibu, akaitia mashine kwenye boksi lake na kumwambia binti kwamba kesho inarudi Fordsburg. Nami nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa nimechoka kuwasikia wakicheka pamoja kwenye kochi lile.

Binti alikuwa bado amesimama, kidude mkononi, waya wake unaning'inia. Nilitegemea Kizulu, tena kikali.

“Papa,” alisema, “balikuwa banauzisha na muchele. Na muchele tutaacha kukula?”

Kiswahili cha Bukavu kitupu, cha baba yake, kumbe muda wote kilikuwa kinamwingia. Baba alimwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana. Akarudia. Shemasi akakaa kwenye mkono wa kochi, akafuta macho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni hata siku ya Bwana, kisha akafungua boksi.

Nilirudi kwenye vitunguu vyangu, nikavikata kwa wivu.

Maana karata zile sikuzijua kwa akili yangu. Aliniambia mwanangu, niliyemzaa na marehemu mume wangu, Msauzi aliyenioa akiwa uhamishoni Morogoro akarudi nami huku. Wakati huo mwanangu alikuwa na umri wa binti huyu. Alinifuata jikoni akanisimulia kwa Kiingereza habari za maua na za wacheza kamari, na akaanza kunieleza za mchele. Nilimwambia asinipotezee muda kwa upuuzi, na kama ana la kusema aliseme kwa Kiswahili au anyamaze.

Akanyamaza. Siku hizi hunipigia simu kila mwisho wa mwezi, ananiuliza kwa Kiingereza kama nimemeza dawa, nami namjibu kwa Kiingereza kwamba nimemeza.