Safari ya Bi Fakhria na Kijisanduku Chake

Pale Gongoni, mjini Tabora, Bi Fakhria binti Ghalibu alikuwa haamini mtu. Sisemi hivyo kumsengenya, maana mwenyewe alikuwa akijisifia. Akiletewa maji, humwambia aliyeyaleta ayaonje kwanza. Akisalimiwa kwa uchangamfu, hujiuliza huyu anataka nini. Na alikuwa na sababu. Alipofariki Thuwaini, mumewe, hata matanga hayajaanuliwa, kuna mkono ulipita ukaondoka na saa ya marehemu ukutani. Ni mkono wa mtu aliyekuja kulia, hebu fikiria! Tangu siku hiyo hakumwamini hata anayelia.

Siri yake ilikuwa pumu. Kaka yake aliyehamia Maskati alimletea mashine ya kuvutia dawa: kijisanduku cha chuma chenye mota ndani, mpira mrefu, kichupa cha kioo, na kifuniko cha kuziba pua na mdomo. Dawa hutiwa kichupani matone machache, mota ikavuma, dawa ikawa mvuke, naye akauvuta mpaka kifua kifunguke. Asubuhi na jioni lazima. Asipovuta, pumzi huwa nyembamba kama uzi wa sindano.

Lakini pumu yenyewe haikumtisha kama midomo ya watu. Binti yake wa pekee, Tufaha, alikuwa kaolewa Kasanga, kule mwisho wa Ziwa Tanganyika, kwa watu wanaochunguza ukoo kabla ya kuchunguza sura. Wakisikia mama mtu ana kifua, watasema mtoto atazaliwa nacho, na mke wa pili ataletwa kwa vigelegele. Basi Bi Fakhria alifunga dirisha, akaifunika mashine blanketi isisikike, akavuta dawa yake kama mwizi.

Ikasikika. Na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa themanini na tatu, wa kusaka wahujumu uchumi, watu wakitupa sabuni visimani na vitenge vichakani. Nyumba ya Mwarabu inayonguruma, mwaka ule! Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Leonia, Mnyamwezi wa Usoke mwenye macho yasiyotulia, alimuuliza siku moja wakifagia uani.

"Shikamoo, mama Tufaha. Hivi kwako kunanguruma nini?"

"Marahaba. Tumbo langu," Bi Fakhria akajibu, akamwonyesha mgongo.

Ndipo habari ikaja kwamba Tufaha, mwenye mimba ya kwanza, kavimba miguu na hawezi kusafiri. Uzazi wa kwanza mtu huja kwa mama yake. Asipoweza kuja, mama ndiye aende, hata kwa kutambaa. Daktari akamkataza treni kwa ajili ya vumbi na moshi, akamwambia apande ndege mpaka Kigoma, kisha meli. Bi Fakhria aliuliza jambo moja tu, tena kwa werevu: jenereta ya mkwe, ile ya kusagia mahindi, huwashwa kila siku? Akaambiwa huwashwa. Akafunga safari.

Uwanja wa ndege wa Tabora, mgambo alipekua kikapu chake, akaibuka na kijisanduku.

"Hiki nini, mama?"

"Mota ya charahani. Mimi mshonaji."

Mgambo akaupindapinda ule mpira. Bi Fakhria akageuka, na nani yuko nyuma yake kwenye foleni kama si Leonia, kajifunga kitenge kipya, mkononi tiketi! Leonia alijua vizuri kwamba charahani ya jirani yake ni ya kukanyaga kwa miguu na haijawahi kuona mota. Angeweza kusema. Hakusema. Akatabasamu tu, na mgambo akakirudisha kijisanduku kikapuni.

"Nawe waenda wapi?"

"Kasanga. Kaka yangu yuko huko."

Kaka gani? Miaka yote hiyo hajamtaja kaka wa Kasanga hata siku moja! Ndege iliporuka, abiria wengine walishika viti kwa hofu, na Leonia alichekelea dirishani kama bibi harusi. Bi Fakhria hakuona mawingu wala nini. Alikumbatia kikapu magotini akajiambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Kigoma wakapanda meli, na kwenye meli, ya Mungu mengi, wakapangiwa chumba kimoja. Bi Fakhria alitaka kuhamishwa, akaambiwa kumejaa. Humo chumbani hamkuwa na tundu la umeme. Akamtafuta fundi umeme wa meli, jina lake Anton, akamwambia ana mota yake anataka kuijaribu.

"Mota ya nini?"

"Charahani."

"Ah, basi hiyo ingoje nchi kavu, mama. Tundu liko moja tu, chumba cha kulia, na abiria wanakula."

Hapo angesema kweli, Anton angemsaidia. Lakini chumba cha kulia kimejaa watu wa Kasanga, na watu wa Kasanga wana ndimi. Akarudi chumbani, jioni ile akakosa dawa.

Asubuhi meli ilitia nanga mbele ya kijiji, wakapakia magunia ya pumba na dagaa wakavu. Vumbi likaingia kila ufa. Bi Fakhria alikuwa peke yake kitandani kifua kilipofunga. Akataka kuita, sauti haikutoka. Akanyoosha mkono kwenye kikapu chini ya kitanda, akaanguka sakafuni kabla hajakifikia. Akamwona Tufaha akijifungua bila mama. Aliogopa, jamani, aliogopa sana.

Mlango ukafunguka. Leonia hakuuliza "una nini". Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu, akakitia begani, akamzoa Bi Fakhria kwapani, akamkokota mpaka chumba cha kulia.

"Tokeni nje! Mama kashikwa na mambo ya kike!" akafoka, na wanaume wakakimbia na vikombe vyao vya chai. Akatundika kitenge chake kipya mlangoni. Akachomeka waya, akaunga mpira, akahesabu matone, akakigonga kichupa kwa ukucha povu lishuke, akamfunika pua na mdomo, akamwinamisha mbele kidogo. Kila kitu kama afanyavyo mwenyewe, hata kule kuinama.

Mashine ikanguruma. Pumzi ikarudi taratibu. Ilipotosha kutamka neno, neno lenyewe halikuwa ahsante.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe," Leonia akasema. "Ukuta wetu una ufa, mama Tufaha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Balozi Mfaume wa nyumba kumi alinituma nikuchungulie, wakubwa wake wanadhani una redio ya kuongea na maadui."

"Na huyo kaka wa Kasanga?"

"Sina. Wao ndio walionikatia tiketi, nione unaipeleka wapi."

Kumbe! Kumbe alivyomshuku tangu mwanzo ndivyo ilivyokuwa! Bi Fakhria alipandwa na hasira za msiba wa Thuwaini, za saa iliyoibwa, za kila mtu, na pumzi ya kukasirikia alikuwa kapewa na huyu huyu.

"Mwana kizabizabina we! Na ulijua si redio?"

"Tangu mvua za vuli nilijua ni dawa."

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

Leonia akatazama chini, kisha akashindwa kujizuia.

"Ningewaambia, mama Tufaha, wangenipandisha ndege?"

Bi Fakhria alimkodolea macho. Cheko likamtoka, likageuka kikohozi, na Leonia akamrudishia kifuniko puani mpaka kikapoa.

Kasanga, mama mkwe wa Tufaha alikuwa kasimama gatini. Alimkumbatia Bi Fakhria, akasema binti bado hajajifungua, kisha akamkagua Leonia toka kichwani hadi miguuni.

"Na huyu ni nani?"

Leonia akafumba mdomo. Neno moja lake lingetosha kuvunja ndoa ya Tufaha pale pale. Bi Fakhria alimtazama yule mwanamke asiye na kaka wala pa kulala, akakitoa kikapu begani, akampa akibebe.

"Ndugu yangu," akasema. "Tutandikieni chumba kimoja."