Mtani alivyomponza marehemu rubani mbele ya mchunguzi wa kizungu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kisa nimekiona kwa macho yangu, chumvi sijatia. Asiyeamini apite kimya kimya.

Mimi ni fundi wa ndege.

Kuna kindege kilianguka bwawani, nje kidogo ya Morogoro mjini. Rubani alikuwa peke yake, akafariki. Nikaitwa kwenye timu ya uchunguzi. Boss wetu mzungu, nimuite Peter. Kiswahili anacho, ila cha darasani.

Tukaenda msibani Mlali kuongea na Bi Mwajuma, mama wa marehemu Sefu.

Tunaingia tu uani, tunakuta mzee kavaa shati la kazi la marehemu, tumbo limegoma kuingia, anakimbia kanyoosha mikono kama mabawa:

"Mnalia nini? Mlevi huyu! Kapiga gongo toka asubuhi, kaona bwawa akadhani uwanja!"

Watu mbavu hawana. Mpaka Bi Mwajuma anacheka, machozi yanamtoka.

Huyo ni Mzee Mkude, mtani wa ukoo. Kazi yake msibani ndiyo hiyo.

Sasa Peter si akaandika! "Shahidi kathibitisha ulevi." Namwambia boss, ule ni utani. Ananijibu, "Msibani nani anatania?" Nilichoka wakuu. Akamfuata mama, kwa upole kabisa, kumuuliza Sefu alianza kunywa lini.

Watu wote wakageuka kumtazama Mkude.

Bi Mwajuma akamwambia Mkude avue shati na asitanie tena. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu hakuwahi kuonja pombe. Kufa amekufa, baba, ila nirudishieni jina lake."

Iliniuma sana.

Tukaivuta ndege majini, matope mpaka masikioni. Kufungua injini, chuma cha ndani kimekatika, ufa wa zamani. Injini hiyo ilizima angani. Mlango aliufungua mapema, mafuta aliyafunga, kila hatua ya dharura kaifuata. Wauza mboga nao walimuona akiwa juu ya soko, akakata kona kuelekea majini asiwaangukie watu. Vipimo vya hospitali: pombe hakuna hata tone.

Peter, nimpe haki yake, alirudi Mlali mwenyewe. "Shikamoo mama, nimekosa." Akaeleza yote mbele ya watu.

Bi Mwajuma alipiga kigelegele. Halafu akaita, "Mkude uko wapi? Njoo umtukane mwanangu!"

Mzee akasimama, anafuta machozi kwa kiganja. Nikajua leo hawezi.

Akakohoa. "Rubani gani huyu! Soko zima lile, na bado kalikosa!"

Wakuu, tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Peter naye, safari hii kalamu iko mfukoni.

Nilichojifunza: utani ni dawa pale kila mtu anapojua ni uongo. Shaka ikiingia hata kidogo, unageuka sumu.

Haya, mwageni na ya kwenu. Watani zenu waliwahi kuwafanyia vituko gani msibani? Na nyie watani zangu, najua mmeshafika, anzeni kunitukana.