Klabu ya Usiku Katika Mji Usio na Usiku

Siku aliyorudi Rajabu nyumbani amevaa miwani ya jua, mwanangu, naikumbuka hadi leo, maana ilikuwa jioni na mvua inanyesha. Nikajua kuna mtu amemjaza maneno. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini ukimsifu kidogo tu anakuachia hata shati.

Bandarini alikuwa amekutana na Musiye Fiston, yaani Bwana Fiston, Mkongo mwenye viatu vyeupe, mjumbe wa klabu moja ya usiku ya Kinshasa iitwayo Zamaradi. Fiston hakuwa akiuza klabu. Alikuwa akiuza jina. Ukilipa kiingilio unaruhusiwa kuandika Zamaradi mlangoni, kuweka taa kama zao, kufungua saa nne usiku kama wao, na kila mwezi kuwapelekea fungu lao, uwe umepata au umekosa. Rajabu alikuwa na kila kitu isipokuwa hicho kiingilio, kwa hiyo akaanza kuviangalia vyerehani vyangu.

Vyerehani hivyo ndivyo vilivyokuwa vinatulisha. Vita vilikuwa vimeziba barabara, magari hayaji, na duka lake la vipuri pale mtaani kwetu Buyenzi lilikuwa limelala. Mimi nilishona magauni ya harusi, kwani hata risasi hazikuwazuia watu kuoana. Niliogopa, sikufichi. Vikiuzwa vile, watoto wangekula nini?

Na mji wenyewe ulikuwa na kuvrefe, amri ya kutotoka nje usiku. Ikifika saa tatu usiku, asionekane mtu barabarani, na askari hawakuwa na subira ya kusikiliza maelezo. Nikamuuliza Rajabu: watu wanafungiwa majumbani saa tatu, wewe unafungua saa nne, wateja watapita wapi? Akaniambia sielewi biashara za kimataifa. Nikaenda kwa mama yake.

Mama mkwe wangu, Bibi Mwamini, tulikuwa tunaishi naye ua mmoja. Alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe.

"We Rajabu, iyo disko yako mi siikatai," akamwambia. "Lakini anza apa kwangu, uani, siku moja. Fanta na sambusa. Pombe apana. Tuone kwanza kama unaiweza, ndiyo uuze vyerehani vya mutoto wa watu."

"Na jina, mama?"

"Jina itakuja nyuma."

Jumamosi Rajabu akafungua saa nane mchana. Alitandaza turubai juu ya ua ili pafanane na usiku, akafunga taa kwa kipande cha kitenge cha kijani, akaweka radio kaseti juu ya pipa. Watu wakaja, mwanangu! Mafundi wa magari, wauza duka, mabinti na dada zao. Ilipoadhiniwa alasiri muziki ukazimwa, nusu ya ukumbi ikaenda msikitini, ikarudi, muziki ukawashwa tena. Rajabu akawa ananitazama kwa kiburi, na mimi nikaanza kuviaga vyerehani vyangu kimoyomoyo.

Ila nikaona kitu. Kila mtu alinunua Fanta moja tu, akawa anaionja kama dawa ya kikohozi. Jua likazama, hakuna anayeaga. Saa mbili, hakuna anayeaga. Kuvrefe ikaingia na watu wote wamo ndani.

"Sasa ndipo biashara inaanza," Rajabu akaninong'oneza, akachukua sinia la sambusa akaanza kuzunguka. Mama yake akalipokonya.

"Unauzia nani?"

"Wateja, mama."

"Walikuwa wateja jua ikiwaka. Sasa kuvrefe imewakutia kwangu, ni wageni. Mugeni alipi kwangu."

Ndivyo tulivyoishi Buyenzi miaka ile. Mtu akikutwa na kuvrefe nyumbani kwako, awe nani, unampa chakula na mkeka, na neno pesa halitajwi. Tulisalimika kwa sababu hiyo. Lakini majirani zetu nao waliijua vizuri desturi hiyo, ndiyo maana Fanta zilikuwa zimechukua mchana kutwa! Sambusa zikaliwa bure, sinia halikufika hata mkeka wa pili.

Alfajiri Bibi Mwamini aliwaamsha wote, mpaka Wakristo, wakanywa chai na maandazi, wakashukuru sana. Fundi mmoja akamshika Rajabu mkono: "Kaka, disko ingine ni lini?"

Rajabu alikuwa karibu kulia. "Kinshasa wangelipa," akasema.

"Sawa, we uko Kinshasa?" mama yake akamuuliza. "Mi nataka kujua kitu kimoja. Siku mulango umefungwa sababu ya risasi, ule mwenye jina anapoteza nini? Enda umuulize."

Akaenda bandarini. Aliporudi akaniambia, "Hapotezi kitu." "Fiston mwenyewe amecheka." Halafu akavuta kiti karibu na cherehani, akaniuliza kifungo kinashonwaje. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Sasa nawe umenijia na karatasi za klabu ya watu wa mbali, unataka kununua jina lao. Sikukatazi, mwanangu. Vita vimekwisha, usiku umerudi, na vijana wanacheza mpaka asubuhi. Ila usitie saini kabla hujamuuliza mwenye jina siku yako mbaya itamgharimu nini yeye. Asipokuwa na jibu, basi anauza tu, hafanyi biashara nawe. Na wajue watu wa mtaa wako, wanalipia nini na nini wamezoea kupewa bure, maana huko Kinshasa hawatakuambia. Chombo kinacholisha watoto usikiguse kabisa.

Mungu akubariki, akupe wateja wanaolipa, akupe wageni wasiolipa, na akupe akili ya kuwatofautisha. Amina.